Spika Iliyochanwa kwa Wembe

Jumapili, 12 Machi 1995

Braiti wangu anatoa albamu! Kaseti kamili, upande A na upande B, yenye picha ya bendi yao kwenye jalada, ya kuuzwa madukani kwa watu wasiotujua! Ameniambia tukitoka kanisani. Nilimkumbatia mbele ya wazee wa kanisa mpaka kitambaa changu cha kichwa kikadondoka, na sikukiokota upesi.

Haya, sasa ndiyo nisalimu. Hujambo, daftari. Mimi ni Anjela, Mama Braiti, mzaliwa wa Machame, mkazi wa Levolosi, muuza mitumba. Darasa la saba nilimaliza, na la saba la wakati ule lilikuwa la saba kweli. Naandika kwa sababu mtu akishakuwa maarufu watu huulizana alianzaje. Wasihangaike. Majibu yatakuwa hapa.

Bendi yao inaitwa Kokoto. Wako watatu. Brightness binti yangu anapiga dramu, na dramu alifundishwa na baba yake kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa, alipokuwa hajafikia kimo cha ile ngoma kubwa. Sifael, kijana wa Kiarusha kutoka Oldonyosambu, anapiga gitaa na kuimba. Manase wa Kijenge anapiga besi. Huyo haongei, ukimsalimia anaitika kwa kichwa. Muziki wao ni roki, tena ile ngumu. Waliijua kutokana na kaseti isiyo na jina iliyokuwa mfukoni mwa koti la ngozi, na koti lilitoka kwenye belo langu la mitumba. Kwa hiyo hata hapo nina mkono wangu.

Jumatatu, 13 Machi

Nimewaambia watu wote sokoni. Namnyaki, jirani yangu wa meza, kaniuliza, "Albamu ya picha za harusi?" Nikamwambia, cheka sasa, siku ya kuomba nafasi mbele usije kwangu.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua imeanza, na Thomasi kaja. Thomasi ndiye mwenye mashine ya kurekodi. Miezi ya watalii anafunga vipaza sauti mahotelini. Masika wageni wakiondoka anabaki hana kazi, ndiyo maana kakubali kuwarekodi watoto. Wamezunguka naye kutafuta chumba kisicho na mwangwi, kote wamekwama. Nikamwambia, hebu njoo uone stoo yangu hapa nyuma ya nyumba. Mabelo nimeyapanga kuta zote mpaka juu: makoti, mashuka, masweta, jinzi. Akasimama katikati akapiga kofi. Kofi likafa palepale, kama mtu kalitupia blanketi.

"Mama," akasema, "nazunguka mji mzima, kumbe studio unayo wewe!"

"Hukuniuliza."

Tumekubaliana sifungui belo hata moja mpaka wamalize. Na yeye kaweka sharti lake: tarehe mbili Mei anahamia Mwanza, kapata kazi ya kudumu, na mashine anaondoka nayo. Wasipomaliza kabla ya hapo, basi, hawana kaseti. Nimemwambia asitutishe. Masika nzima iko mbele yetu.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

Jumanne, 21 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimeuza soksi tu.

Ijumaa, 24 Machi

Umeme umerudi asubuhi, watoto wakakimbia kufunga waya. Thomasi kavaa vile visikio vyake, kasikiliza, kavivua. Mvua inapiga bati. "Tukirekodi leo," akasema, "tutatoa albamu ya bati." Wakakaa kusubiri ipungue. Ilipopungua, umeme ukaondoka nayo.

Jumapili, 26 Machi

Kanisani leo akina mama wamenizunguka. "Mama Braiti, tumesikia. Ni kwaya?" Nikasema si kwaya, ni zaidi. Kumbe Baba Braiti yuko nyuma yangu. Kaguna. Huyu Elimringi wangu alikuwa fundi mitambo kiwandani, mpaka walipopunguzwa na kiwanda kikafungwa. Tangu hapo ana mambo mawili, mchicha wake na tarumbeta lake. Njiani akaniambia, "Unawatangazia watu muziki ambao hujausikia. Mimi nimeusikia nikiwa bustanini. Ni makelele, mke wangu. Nilimfundisha mtoto kupiga kwa mpangilio, sasa anapiga kama anafukuza nyani."

Nikamwambia, wewe ungekuwa na masikio usingepuliza tarumbeta vile. Lakini kweli sijakaa nikausikiliza muziki wao. Mchana niko sokoni.

Jumamosi, 1 Aprili

Jua! Na umeme! Nimefunga meza mapema nikaja kukaa juu ya belo la mashuka, mikono mapajani, kama mgeni rasmi.

Naandika ukweli. Braiti alipoanza nilitaka kulia kwa fahari. Nguvu ile sijui aliitoa kwenye ziwa lipi, maana langu lilikuwa na maziwa ya kawaida. Ila Sifael alipogusa gitaa, spika yake ikakoroma. Ikakwaruza, ikanguruma kama mtu mwenye kohozi kifuani. Nikamtazama Thomasi, hana habari. Nikamtazama Manase, anaitika kwa kichwa. Nikaona aibu kwa niaba yao. Walipotoka kunywa chai nikachungulia ile spika, nikaona ile karatasi nyeusi ya mviringo inayotetemeka imechanika pande mbili. Panya! Panya wa stoo yangu mwenyewe, au mtu mwenye kijicho.

Na watoto wamekaa kimya, hawataki kunisumbua. Wamelelewa vizuri mno. Umeme ulikatika kabla ya wimbo wa kwanza kuisha, nami nikashukuru. Kazi ya mwanangu haitatoka na spika mbovu nikiwa hai.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Nimelifunika sanduku la spika kwa nailoni, nikampelekea Solomoni, fundi redio wa Daraja Mbili. Kaangalia kasema, "Hii imeteseka." Nikasema, weka mpya, ile bora uliyo nayo.

Alhamisi, 6 Aprili

Imepona! Inaimba kama kinanda. Nimeirudisha mahali pake, sijamwambia mtu. Nangoja nione nyuso zao.

Jumamosi, 8 Aprili

Nyuso zao nimeziona.

Umeme ulikuja, mvua ikawa manyunyu. Sifael akafunga waya wake, akapiga mara moja. Sauti ikatoka safi, nyororo, ungedhani ibada inaanza. Akakunja uso. Akacheza na vitufe. Akapiga tena, ikawa ileile. Akainama kutazama ndani ya sanduku, akakaa pale ameinama muda mrefu.

Mimi nikainuka kwenye belo langu. "Mshangao!" nikasema. "Nimewatengenezea. Solomoni mwenyewe kaifanya."

Braiti akaweka vijiti chini taratibu. "Mama. Ile tuliichana sisi."

"Mliichana?"

"Kwa wembe. Toka mwaka jana tunaichana kidogo kidogo. Tumeharibu spika kadhaa mpaka tukaipata ile. Ile ndiyo ilikuwa sauti yetu, mama. Ile ndiyo Kokoto."

"Sasa mtu gani anaharibu kitu kizima ili apate sauti?"

"Sisi," akasema. "Umemtibu mtu asiyeumwa."

Nimekimbia kwa Solomoni na kanga kichwani. Ile ya zamani? Kaitupa kwenye moto wa kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Niliporudi Sifael alikuwa amefunga gitaa lake kwenye gunia. Alinisalimia vizuri, akanishika mkono, akasema, "Asante mama, ulitaka mema." Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenipigia kelele ningempigia na mimi, yakaisha. Kaondoka kwao Oldonyosambu, hakusema atarudi lini. Thomasi kafunika mashine yake.

Watu wote sokoni wanajua mwanangu anatoa albamu. Mimi ndiye niliyewaambia, na mimi ndiye niliyeizuia.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Umeme upo, Sifael hayupo.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Umeme upo mchana kutwa. Ulipokuwa unatakiwa ulikuwa wapi?

Alhamisi, 13 Aprili

Namnyaki kauliza albamu imefika wapi. Nikasema inapikwa. Kaniangalia vizuri, akaacha utani, akanimegea kipande cha ndizi choma alichokuwa anakula. Nilimdhania mchokozi tu. Nimekaa naye meza kwa meza miaka mingi na sikumjua.

Braiti hanuni, na hiyo ndiyo mbaya. Anafua, anapika, halafu anaingia stoo kupiga mabelo kwa mikono mitupu. Hayatoi sauti. Nimesimama nje nikamtazama kwenye upenyo wa mlango. Nilidhani mwanangu ana kipaji, basi, kitu cha kuwasimulia watu. Sikujua kama ana njaa nacho.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Baba Braiti kapuliza tarumbeta lake toka alfajiri. Baada ya kula nikamweleza yote, maana nilikuwa nimemficha. Kacheka mpaka kajipalia.

"Kwa hiyo wewe, katika watu wote, ndiye uliyeleta mpangilio!"

"Cheka, maliza."

Alipomaliza akawa mpole. "Kiwandani," akasema, "kila mtambo ulikuwa na mngurumo wake. Wageni waliona unaumwa, sisi tunajua ndivyo ulivyo. Akija fundi mpya akaunyamazisha, ulikuwa haufanyi kazi tena. Nenda kamwombe kijana msamaha."

"Mimi? Kwa mtoto wa kumzaa?"

"Na isale mkononi."

Isale ndilo lile jani refu la kwetu Uchagani. Ukiletewa na mtu anayeomba msamaha, huwezi kumkatalia. Ninalo hapa mlangoni, nililihamisha kutoka kwa mama yangu. Sijawahi kulikata kwa ajili ya mtu mdogo kwangu.

Jumatano, 19 Aprili

Nimetoka asubuhi kwa lori la mkaa linalorudi tupu, dereva kanishusha barabarani, nikapanda kwa miguu. Viatu nilivua, tope lile halijali mtu ni nani. Mama yake Sifael alinipokea kwa maziwa kabla hajaniuliza jina, akanionyesha shambani.

Sifael alikuwa anapalilia maharage. Aliponiona kaacha jembe, kaja kuinamisha kichwa nimguse, kama wafanyavyo vijana wao kwa wakubwa. Nikampa jani.

"Mama, hili ni nini?"

Nikamweleza. Akalishika kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Halafu akainama, akang'oa konzi ya nyasi, akanipa mimi. "Sisi kwetu ni hizi," akasema. "Lakini mama, hukunikosea. Ulikuwa hujaisikia tu. Njoo."

Kanipeleka ukingoni mwa korongo. Jua limewaka pale tulipo, ila juu mlimani kulikuwa kumenyesha, na maji yalikuwa yanashuka mekundu, mazito. Kwanza nilisikia maji tu.

"Si juu," akasema. "Sikiliza chini yake."

Nikasikiliza. Chini ya maji kulikuwa na kitu kingine, mngurumo wa kusagana, mawe na kokoto zikiviringishwa sakafuni mwa korongo, zikigongana, zikikwaruzana, ardhi ikitetemeka mpaka kwenye nyayo zangu. Ukanipanda mwilini. Niliogopa, na bado nilitaka uendelee.

"Toka nikiwa mdogo nachunga hapa," akasema, "nilikuwa natamani kutoa sauti hiyo. Nikaisikia kwenye kaseti ya lile koti. Nikasema, kumbe inawezekana, hata Wazungu wana makorongo."

Nikamwambia, "Basi twende mjini. Wembe nitanunua mimi."

Kacheka. Tumeshuka wote.

Jumamosi, 22 Aprili

Umeme upo kidogokidogo. Nimempa Sifael wembe. Akautazama, akaurudisha.

"Siwezi, mama. Kitu ulichonipa zawadi siwezi kukichana mimi."

"Nimekuruhusu."

"Najua. Siwezi."

Braiti naye akakataa, Manase akatikisa kichwa. Basi nikapiga magoti mimi, Anjela, mbele ya spika mpya kabisa, nikaichana. Sifael akapiga. Nikasema mwenyewe, "Bado, hiyo ni kikohozi tu." Nikaongeza. "Bado." Watoto wakatazamana. Nikaongeza tena, hapo mkono ukateleza, kikatoka kipande kizima kikawa kinaning'inia kama sikio la mbuzi. Nikapiga yowe.

"Mama, usikiguse!" Sifael akapiga.

Yesu wangu! Mabelo yalitikisika. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, mbaya hasa, ilitoka kama korongo lote limeingia stoo na mawe yake. Manase akafungua mdomo, mara ya kwanza namsikia, akasema, "Noma!" Braiti akarukia dramu. Walipiga huku wanacheka, na mimi nikiwa bado nimepiga magoti na wembe mkononi, nikalia.

Baada ya dakika chache umeme ukaondoka. Haidhuru. Sauti tunayo. Ila siku za Thomasi zinayeyuka.

Jumatatu, 24 Aprili

Mvua. Umeme hakuna.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Kuna mtu wa kupandisha watalii mlimani kaja kutaka belo zima la makoti. Nikamwambia ule ni ukuta, siuzi ukuta. Kaenda zake akinishangaa.

Ijumaa, 28 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Thomasi kaanza kufunga mizigo. Nimeomba kanisani, nimeomba jikoni, nimeomba nikiwa nakunja jinzi.

Jumamosi, 29 Aprili

Umeme ulikuja tukinywa chai. Na mvua, ambayo ilikuwa imetulia, ikaja nao, mvua ya mawe kabisa, bati likawa halisikilizani na mtu. Thomasi akakaa juu ya sanduku la mashine, akashika kichwa. "Jumanne naondoka. Hii ndiyo siku yetu, na haifai."

Braiti akasimama. Huyu niliyemzaa, mwenye mikono myembamba. Akasema, "Washa."

"Braiti, bati litaingia kwenye kila wimbo."

"Acha liingie. Masika yote tunaisubiri mvua ituruhusu. Leo tunapiga juu yake. Washa, bro Thomasi, na usizime mpaka nikwambie."

Thomasi akanitazama mimi, kwa vile stoo ni yangu. Nikamwambia, umesikia.

Akawasha. Braiti akagonga vijiti, wakaingia. Sijui kuandika muziki, naandika nilichokiona. Niliona mashati ya belo la juu yakitikisa mikono. Niliona mishipa ya shingo ya Sifael akiimba juu ya taa zinazozimwa, na barabara zilizooza, na vijana wenye vyeti waliokaa vijiweni, na hakuwa anaomboleza, alikuwa anadai. Manase kafumba macho, anazungukazunguka kama kuku aliyechinjwa. Wimbo ukiisha Braiti anagonga vijiti, wanaingia mwingine, hawapumziki, wanaogopa umeme. Na mvua nayo ikawa kama mtu wa nne kwenye bendi. Mahali wao walipotulia, yenyewe ikajaza.

Katikati nikaona mlango umefunguka. Baba Braiti, amelowa chapachapa, mchicha mkononi. Nikajua kaja kugomba. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye mbao ya mlango, akakiacha pale. Wimbo mzima hakukitoa. Nikamsogelea.

"Unasikia?" akaniambia sikioni, kwa kupiga kelele. "Mama Braiti, hivi ndivyo ilivyokuwa! Asubuhi, mitambo yote ikiwashwa pamoja! Unaisikia kwanza miguuni!" Akamwonyesha binti yetu kwa mchicha. "Na mpangilio upo! Mtazame, hajapotea hata mara moja! Yeye ndiye anawashika wote!"

Tangu kiwanda kifungwe sijaona uso wake hivi.

Walikuwa kwenye wimbo wa mwisho, mrefu kuliko yote, wanapanda, wanapanda, umeme ukakatika. Giza. Gitaa likafa, besi ikafa, mashine ikafa. Braiti akaendelea kupiga peke yake gizani, juu ya mvua, mpaka akaumaliza wimbo wake. Halafu mvua tu, na baba yake akipiga makofi.

Jumanne, 2 Mei

Thomasi kaondoka, katuachia kaseti mama ya kutolea nakala. Wimbo wa mwisho unakatika katikati, kama kisu kimeshuka. Aliuliza kama aufute. Sifael alitaka. Braiti akasema, "Uache. Atakayetaka kujua unavyoisha aje atuone." Mtoto huyu! Biashara kairithi kwangu.

Jumanne, 9 Mei

Nakala zinatengenezwa kwenye duka la kaseti mjini. Nimefungua mabelo. Kuta zimepungua, nimeona upweke kidogo.

Jumamosi, 20 Mei

Kaseti ziko sokoni! Juu wamesimama watatu mbele ya mabelo, na chini pameandikwa imerekodiwa stoo kwa Mama Braiti, Levolosi. Nimeweka moja kwenye redio yangu, sauti mpaka mwisho. Namnyaki kashika masikio.

"Mama Braiti, hii ni kaseti au ajali?"

"Ni ajali iliyofanyiwa mazoezi."

Kasikiliza wa kwanza, kasikiliza wa pili, anapanga nguo huku kichwa kinakwenda chenyewe. Ulipofika ule unaokatika, akashtuka, akatazama redio. "Imeharibika?" Nikasema haijaharibika. "Sasa unaishaje?" Nikasema, utakuja kuusikia. Akasema, "Na mimi naomba nafasi ya mbele." Nikampa, palepale, wala sikumkumbusha maneno yake.

Alhamisi, 1 Juni

Mvua imekwisha. Mlima umejitokeza mzima asubuhi hii, hauna hata wingu. Baba Braiti na wenzake wa matarumbeta wanajenga jukwaa uwanjani nyuma ya stoo; kaazima jenereta kwa rafiki yake wa kiwandani, kasema safari hii umeme haukatiki katikati ya wimbo. Mama yake Sifael anashuka na maziwa. Akina mama wa kanisani wanakuja, na Solomoni fundi redio, na watu wa Daraja Mbili na Kijenge, na hata dada zangu wa Machame, ambao nimewaambia watafute pa kulala mapema maana kwangu patajaa. Wimbo wa mwisho utapigwa mpaka mwisho wake. Jumamosi, tarehe kumi Juni, saa nane mchana.